Mapipa Mikononi mwa Wageni

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Machi, saa moja asubuhi, Ilyas alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko akikanda udongo wa kuzibia sufuria. Alichanganya udongo wa mfinyanzi na pamba, akatia maji kwa kiganja, kidogo kidogo, akaukanda mpaka ukawa laini kama donge la chapati. Kisha akauviringisha ukawa kamba nene, akaibandika kuzunguka ukingo wa kifuniko, akiminya kwa kidole gumba hatua kwa hatua ili mvuke usipate pa kutokea. Ndani ya sufuria hilo la shaba, ambalo mtu mzima angeweza kuketi humo akaoga, kulikuwa na magunia manne ya waridi. Kwenye kifuniko ulichomekwa mrija wa mwanzi uliozungushiwa kamba, ukateremka mpaka kwenye mtungi wa shaba wenye shingo ndefu, uliokalishwa ndani ya birika la maji. Mvuke wa waridi hupita kwenye mwanzi, hupoa ndani ya mtungi, na mafuta ya msandali yanayongoja humo ndiyo huushika usiende zake. Ndivyo mafuta ya waridi yanavyopikwa Kannauj, mji wa manukato wa Uhindi, na Ilyas alikuwa ameyapika miaka thelathini na mmoja katika uwanja wa Haji Tufail.

Nuzhat, binti yake wa pekee, alimletea chai na mikate miwili iliyopakwa samli. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliweka gilasi ya chai juu ya tofali, akakunja mkono wa nguo yake, akamnyooshea baba yake mkono wa kushoto bila kuambiwa. Ilyas alichovya kijiti cha kioo kwenye mtungi wa jana, uliokuwa umekwisha kutulia, akagusa ngozi ya binti yake chini kidogo ya kiwiko. Wakakaa wakingoja, yeye akinywa chai yake taratibu.

Tangu ana miaka saba, ngozi ya Nuzhat haikupatana na mafuta ya manukato. Yakimgusa humwasha, ngozi hututumka, na kinachotutumka ni kile kilichoingia sufuriani. Mafuta ya waridi yalimtoa waridi dogo kama kifungo cha shati, jekundu, lenye petali zake zote. Liliwasha mpaka alasiri, kisha likanyauka na kudondoka. Asumini ilimtoka mbili mbili. Mkadi ulimtoa jani lenye miiba, na siku hiyo ilibidi alalie upande mmoja. Mafuta ya udongo, yale yanayopikwa kwa vigae vikavu yakanukia kama mvua ya kwanza, yalimpasua nyufa ndogo ndogo kama shamba la kiangazi, halafu yakanyesha manyunyu mkononi mwake kwa dakika tatu hivi. Mama yake, alipokuwa hai, alikuwa akimtandikia kitambaa chini.

Alipofika miaka tisa walimpeleka kwa daktari Kanpur. Daktari alilitazama waridi kwa miwani, akaandika kwenye cheti chake: mzio wa manukato. Akatoa marhamu, akasema mtoto asikae karibu na manukato ya aina yoyote. Bibi Kamrun, mama yake Ilyas, ndiye aliyewasindikiza. Akauliza, "Daktari, umewahi kufika Kannauj?"

Daktari akasema hapana.

"Basi," akasema bibi, na wakarudi kwa treni ya saa nane.

Tangu hapo Ilyas alijua kuisoma ngozi ya mwanawe. Waridi likitoka na petali thelathini, mafuta yamekaa sawa. Zikiwa ishirini, maua yalichelewa kufika jikoni. Hakuna aliyepata kumuuliza kwa nini sufuria lake halikosei.

Lakini kilichotutumka asubuhi hiyo ya Jumanne kilikuwa cha buluu. Kilianza kama doa, kikainuka, kikazunguka, na kilipokwisha kilikuwa pipa. Lilikuwa na ukubwa wa punje ya dengu, na pete zake mbili, na kizibo chake juu, na ubavuni limeandikwa namba: 7714. Kando yake ilikuwako petali moja tu ya waridi, peke yake, kama imekuja kuuliza njia.

"Linawasha?" akauliza Ilyas.

"Kuliko waridi. Tena linachoma pembeni."

Ilyas aligeuza shingo kutazama ghala. Mapipa yenyewe alikuwa akiyaona. Yalikuwa nyuma ya ghala, yamefunikwa turubai, na tangu mwezi uliopita karani ndiye aliyekuwa akijaza mitungi kutoka humo asubuhi kabla wapishi hawajafika. Ilyas aliambiwa ni mafuta meupe, na hakuuliza meupe ya nini. Msandali ulikuwa umepanda bei mpaka watu walikuwa wanautaja kwa sauti ya chini.

"Teremsha mkono wa nguo," alisema.

Haji Tufail alikuwa amekwisha kusimama nyuma yao, tambuu shavuni. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mpenda sukari, na kila asubuhi alizunguka uwanja wake kuwasalimia wapishi mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao. Aliinama, akavaa miwani, akausoma mkono wa Nuzhat.

"Saba saba moja nne," alisema. "Ni lile la ukutani." Akatafuna kidogo. "Ilyas, binti yako ana ngozi mbaya."

"Ngozi yake ni hii hii ya siku zote, Haji."

"Ndiyo nasema ni mbaya. Siku zote. Asiingie tena uwanjani, mwanangu, usione vibaya. Wateja wana macho."

Akampa Nuzhat peremende ya gatta kutoka mfukoni, akaendelea na mzunguko wake.

Basi Nuzhat akakaa nyumbani. Neno la Haji likatoka uwanjani, likapita kwa wanawake wa chumba cha nyuma, wale wanaojaza mafuta kwenye vichupa vya kuuzwa Delhi. Vidole vyao vilikuwa vimepasuka tangu mwezi uliopita, vyekundu kama vimemenya pilipili. Walisikia kwamba binti wa Ilyas ana ngozi mbaya, wakatazama mikono yao, wakaendelea kujaza. Ilipofika Ijumaa, mji mzima ulikuwa na habari. Posa mbili zilizokuwa njiani ziligeuka zilikotoka, na moja ilikuwa imefika mpaka kona ya msikiti na sinia la peremende kichwani.

Posa ya tatu haikugeuka. Ilikuwa ya Mubin, mshona chupa za ngozi. Mafuta ya Kannauj hukaa kwanza kwenye chupa ya ngozi ya ngamia, ikaanikwa juani, mpaka maji yote yatoke na mafuta yabaki. Mubin ndiye aliyeshonea uwanja wa Haji. Miaka miwili iliyopita alileta chupa mia, akamkuta Nuzhat ameketi juu ya tofali akidondosha asumini kutoka mkononi. Aliziokota zote, akazitia mfukoni, akaomba risiti yake, akaondoka. Alikuwa bado anazo, ndani ya mkebe.

Mama yake, Bi Khurshid, alikuwa mjane aliyeuza bangili na shanga karibu na stesheni. Alikuja kumtazama msichana akiwa na bangili kumi na mbili kila mkono, akakaa kwenye kitanda cha kamba, akapewa chai.

"Nimesikia msichana ana ngozi," alisema.

"Kila mtu ana ngozi, mwenzangu," alisema Bibi Kamrun. "Au wewe umekuja bila?"

"Nasema ngozi mbaya."

"Mwanao anashinda na ngozi za ngamia. Akiingia msikitini, safu ya kwanza inajua. Sisi tumesema neno?"

Bi Khurshid alicheka mpaka chai ikamwagikia sahani. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamtazama Nuzhat kwa muda mrefu, akamwambia ageuke, akamwambia acheke, Nuzhat akacheka.

"Nimempenda," alisema. "Anacheka kwa meno yote. Lakini nitasema sharti langu mapema, mtu asije akaniita mkorofi. Mwanangu ni wa Kannauj, na babu yake wa Kannauj. Harusi ya mwanangu itapakwa mafuta kama harusi za watu. Bibi harusi kwanza, wageni wote baadaye, na mimi nimekaa pale nikiangalia. Kikimtoka kipele kimoja, nakusanya sinia zangu narudi nyumbani."

"Na likimtoka ua?"

"Ua?" Bi Khurshid akafikiri. "Ua sijaona mtu akilikataa."

Wakashikana mikono, na siku ikapangwa.

Wiki moja kabla ya harusi, karani wa Haji alileta zawadi. Ilikuwa chupa ya ngozi iliyojaa mafuta ya waridi, imefungwa utepe wa dhahabu. Ndiyo ada ya mji: mwenye sufuria humpa mpishi wake mafuta ya harusi ya bintiye, na mafuta hayo ndiyo yanayopakwa wageni. Kuyakataa ni kulikataa sufuria. Ilyas hakujua kazi nyingine duniani, na sufuria alilolijua lilikuwa la Haji.

Aliiweka chupa katikati ya mkeka. Wakakaa watatu wakiizunguka, yeye, mama yake na binti yake, kama watu wanaomtazama mgonjwa.

"Tukiyapaka, litatoka pipa mbele ya mama mkwe," alisema Nuzhat. "Hata sijui kama pipa ni kipele."

"Tusipoyapaka," alisema Ilyas, "Jumatatu sina jiko." Nuzhat akaufunika uso wake kwa viganja. Alikuwa akimpenda sana Mubin, zaidi ya alivyotaka watu wajue.

Bibi Kamrun akainuka kwa kushika magoti, akaenda kwenye sanduku lake la bati. Alitoa shali, akatoa cheti cha ndoa yake, akatoa meno ya marehemu mumewe yaliyofungwa kitambaani, na chini kabisa akatoa chupa ndogo ya ngozi, nyeusi, iliyosinyaa kama tende. Mumewe alikuwa mpishi kabla ya Ilyas. Aliyapika mafuta hayo mwaka aliozaliwa Ilyas, kwa waridi la shamba la mtoni ambalo sasa ni kiwanda cha matofali, na kwa msandali wa kweli. Yalikuwa yamebaki kiasi cha vijiko viwili.

"Haya ni ya bibi harusi," alisema. "Yale ya Haji ni ya wageni. Hakuna atakayekosa chake."

"Tuyajaribu kwanza, bibi," alisema Nuzhat.

"Yaliyomo hayatoshi kujaribiwa. Yanatosha kupakwa tu."

Harusi ilifanyika Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri, uani kwao. Lilitandwa turubai la mistari ya kijani na nyeupe, vikakodiwa viti mia na themanini, na pazia likatenga wanaume na wanawake. Birinzi ilipikwa katika masufuria matatu, mkate wa maziwa ulikuja ukiwa bado wa moto, na wali mtamu wa zafarani ulirashiwa zabibu kavu mpaka ukafanana na uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Nuzhat alivaa nyekundu. Hina ilimfika kwenye viwiko, isipokuwa pahali pamoja padogo mkono wa kushoto ambapo Bibi Kamrun alimwambia mpakaji hina apaache.

Kazi ya kupaka mafuta ilikuwa ya Shangazi Shaddo, dada yake Ilyas, mwanamke wa miaka sitini aliyekuwa na ruhusa ya kupita pande zote mbili za pazia kwa sababu alikuwa amewaona nusu ya wanaume wale wakiogeshwa kwenye beseni. Alishika sinia lenye chupa mbili na kijiti kimoja cha kioo. Alifika kwa bibi harusi. Bi Khurshid alikuwa ameketi goti kwa goti na Nuzhat, amevua bangili za mkono mmoja apate kuona vizuri.

Shaddo alichovya kijiti kwenye chupa nyeusi, akagusa ngozi ya Nuzhat, akasoma dua. Kisha akachovya kijiti kile kile kwenye chupa ya utepe, akaanza na wageni.

Mtu wa mji mwingine angekifuta kwanza kwa kitambaa. Mtu wa Kannauj hafuti kijiti cha mafuta. Tangu anatambaa amefundishwa kwamba kinachobaki kwenye kijiti ni cha mtu, na kitambaa si mtu. Shaddo alipaka mafuta mikono ya harusi sitini katika maisha yake na hakufuta kijiti hata mara moja, na kati ya wote waliopanga mpango ule hakuna aliyekumbuka kumwambia. Kwa hiyo kilichokuwa kwenye ngozi ya Nuzhat kiliondoka na kijiti. Kilimfika Bi Khurshid nyuma ya kiganja, kikawafika dada zake, kikapita kwa wanawake tisini na mmoja, kikavuka pazia, kikamfika kadhi kwenye mkono wa kuandikia, na Haji Tufail juu ya kidole gumba. Mpishi wa birinzi aliomba mara mbili, akapakwa mara mbili.

Birinzi ikaanza kugawiwa. Nuzhat alihisi mwasho. Alijua asikune, akashika pindo la mtandio, akahesabu miiba ya samaki ambaye hakuwepo kwenye sahani. Katikati ya pahali pasipo hina palitokea doa jekundu.

"Kipele," alisema Bi Khurshid.

"Ngoja," alisema Bibi Kamrun.

"Nilisema kipele kimoja, dada yangu. Nilikisema wazi."

"Ulisema kikimtoka. Hakijamaliza kutoka."

Bi Khurshid alikuwa mwanamke wa haki, akangoja kidogo. Lakini doa lilikuwa doa. Akamgeukia dada yake, akamwambia kwa sauti ya huzuni aanze kukusanya sinia. Alipokuwa akisema hivyo alijikuna nyuma ya kiganja. Dada yake, aliyekuwa ameinuka, naye akajikuna. Mbali kidogo, upande wa wanaume, palisikika mkuno mrefu, halafu mwingine, halafu mikuno mingi pamoja kama watu wanaopeta mchele.

Doa la Nuzhat likapasuka katikati, likafungua petali ya kwanza. Kisha ya pili. Mafuta yale yalikuwa ya kale na makali, na waridi halikukoma kwenye kifungo cha shati. Lilifunguka likafikia kikombe, likafikia kisahani, petali juu ya petali, la rangi ambayo wasichana hawakuijua na vikongwe wawili waliitambua wakaanza kulitaja shamba la mtoni kwa jina. Harufu yake ilitambaa chini ya pazia, ikafika mpaka kwa waosha vyombo, nao wakaacha kuosha.

"Ua," alisema Bibi Kamrun.

"Naliona," alisema Bi Khurshid. Akatazama kiganja chake mwenyewe. Palikuwa na pipa la buluu. "Na hili langu ni nini?"

"Hilo ni la Haji."

Bi Khurshid akalisogeza karibu na jicho. "Saba saba sifuri mbili," alisoma. Akamwambia dada yake aziache sinia palipo.

Basi uani pote watu wakawa wanasomana mikono. "Lako namba ngapi?" "Kumi na nne." "Na mimi. Njoo ukae huku, tumekuwa ndugu." "Langu lina kutu." "Langu linavuja, tazama, limeloa mpaka kwenye saa." Mwanamke mmoja alikuwa na pipa lililolala ubavu, akaambiwa ndiyo maana mumewe halali nyumbani, akacheka kuliko wote. Mpishi wa birinzi alikuwa na mawili, ya namba zinazofuatana, na alitembea nayo kama mtu aliyepewa cheo. Wanawake wa chumba cha nyuma, wale wa vidole vilivyopasuka, walikuwa kumi na mmoja, wameketi pamoja. Walitazama mapipa yao wala hawakuuliza ni nini. Mmoja wao tu alisema, "Kumbe ndilo hili," akaongeza wali.

Upande wa wanaume, mzee mmoja mfanyabiashara wa hina alimgeukia Haji Tufail kwa adabu.

"Haji, haya si mapipa yako?"

Haji alivaa miwani, akasoma kidole gumba chake. "Ni yangu. Mzigo wa mwezi uliopita."

"Basi mafuta yako hayana msandali."

"Hayana," alisema Haji. "Wewe mafuta yenye msandali utayanunua kwa bei yake?"

Mzee akafikiri. Wote wakafikiri. Upande mzima wa wanaume ukapiga hesabu ileile.

"La," alisema mzee.

"Haya basi. Nisogezee wali wa zafarani, una zabibu nyingi upande wako."

Akasogezewa, na ngoma zikaanza kupigwa.

Bi Khurshid alilichuma waridi kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyovua bangili kwenye mkono wa mtoto. Halikutoa damu. Alilipitisha juu ya pazia, nalo likapita mkono kwa mkono mpaka kwa Mubin, akalichomeka kwenye kilemba chake. Kadhi akauliza mara tatu. Nuzhat akakubali mara tatu, na mara ya tatu alisema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, wanawake wakapiga vigelegele na mtu wa kupiga ngoma akapoteza pigo. Kadhi akaandika, akijikuna kati ya jina na jina.

Ilyas alikuwa amesimama karibu na masufuria. Alikuja Haji akamkumbatia, akamwambia harusi imefana, akamwambia Jumatatu aje mapema kwa sababu waridi ni jingi mwaka huu. Ilyas akasema atakuja. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akalia kidogo kwa furaha, akanawa uso, akarudi kucheza na mashemeji zake, na alicheza vizuri kuliko walivyotarajia.

Alasiri mapipa yalinyauka yakadondoka. Bi Khurshid aliomba ufagio. Alifagia ua mzima mwenyewe, pande zote mbili za pazia, akapata mapipa mia na themanini na moja. Yalikuwa magumu, mepesi, na kizibo kilipong'olewa kilibaki kitundu cha kupitisha uzi.

Nuzhat akahamia kwa Mubin, katika nyumba yenye karakana chini na vyumba viwili juu, mlango wa tatu kutoka duka la Haji. Wageni wengine ngozi zao zilirudi kama zamani. Wanawake wa chumba cha nyuma na wapishi wa sufuria, ambao mafuta huwagusa kila siku, zao hazikurudi. Kila Ijumaa baada ya sala Ilyas huja kula kwa mkwewe, na akishanawa hukunja mikono ya nguo. Mapipa yamemjaa mpaka kwenye viwiko. Nuzhat humpaka mafuta ya nazi, huyang'oa moja moja kwa uzi, na Bi Khurshid hushika kopo.

"Wiki hii ya kijani," husema Nuzhat.

"Amebadilisha anakonunua," husema Ilyas.

"Kijani kinauzika Idi," husema Bi Khurshid. "Usiyabane, mwanangu, yanapondeka. Baba Nuzhat, la kushoto kabisa linawasha?"

"Linawasha."

"Hilo litakuwa kubwa. Hilo la katikati ya mkufu."

Wale kumi na mmoja nao huleta yao ndani ya vikopo vya chai, na Bi Khurshid huwalipa papo hapo. Shanga hizo zinapendwa. Zinafika mpaka Lucknow. Mke wa Haji Tufail alinunua mikufu miwili. Haji mwenyewe ndiye aliyechagua, akasoma namba zote kwa miwani, akaomba apunguziwe kwa kuwa mali ghafi ni yake. Bi Khurshid akampunguzia rupia tano.

Mafuta ya Haji yanakwenda Delhi na yanavuka bahari. Wanaoyanunua huko hutokwa na vipele vya kawaida, wakalaumu sabuni.

Waridi la harusi halikunyauka. Mubin alilitundika kwenye msumari juu ya mlango wa karakana, kando ya mkebe ule wa asumini, na kila asubuhi hufunguka tena tangu petali ya kwanza. Ikifika saa tatu, kichochoro chote kinanukia shamba la mtoni. Wanunuzi wageni wanaoshuka stesheni huingia kichochoroni, husimama chini ya mlango wa Mubin, hufumba macho, huvuta pumzi.

"Hili ndilo waridi lenyewe," huambiana.

Kisha hupiga hatua kumi zaidi na kuingia kwa Haji Tufail, wakatoka na makasha.

Mubin alimuuliza mkewe siku moja kama walitoe mlangoni, waliweke ndani. Nuzhat alikuwa dirishani juu, akijikuna kiwiko kwa mgongo wa kitana, akitazama watu walivyofumba macho wote pamoja, midomo imefunguka kama ya vifaranga. Akacheka kwa meno yote.

"Liache," alisema. "Tazama wanavyofurahi."

Ng'ambo ya ukuta, uwanjani kwa Haji, Ilyas alikuwa akikanda udongo. Aliuviringisha, akaubandika kuzunguka kifuniko, akaminya kwa kidole gumba hatua kwa hatua mpaka akarudi alipoanzia, na mvuke haukupata pa kutokea.